Kinachoitishia redio ya setilaiti hakiko angani

Tarehe 7 Juni 2025 roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Florida ikiwa na setilaiti ya redio iitwayo SXM-10. Miezi sita kabla, Desemba 2024, ilikuwa imetangulia SXM-9. Zote mbili ni mali ya SiriusXM, kampuni pekee iliyobaki Marekani ya redio ya setilaiti, yaani redio ya kulipia ambayo matangazo yake hushuka kutoka angani moja kwa moja hadi garini, na vyombo vya namna hii hutengenezwa vidumu angani miaka 15 hivi. Kwa hiyo kila ninapowasikia watu wakisema redio ya setilaiti inakata roho, naona wanatazama mahali pasipo. Huko juu mambo yamepangwa vizuri. Wasiwasi wangu uko chini, kwenye dashibodi ya gari.

Nazungumza kama mtu anayeitumia kila wiki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Texas, na riziki yangu ni kuvuta tela. Safari ninayoipenda na kuihofia kwa wakati mmoja ni ile ya kutoka Las Vegas kwenda Reno kwa barabara ya US-95, takriban kilomita 700 za jangwa la Nevada. Ukishaiacha Beatty, simu huanza kupoteza mtandao. Goldfield ni nyumba za kuhesabika, halafu unaikuta Tonopah ambako wengi tunajaza mafuta, halafu tena ni vilima na chumvi hadi karibu na Hawthorne. Huko FM inakoroma tu. Usiku mawimbi ya kati, yaani AM, huleta stesheni za mbali, sauti ikija na kupotea. Mchana hata hizo hazipo. Redio ya setilaiti haina habari na lolote kati ya hayo. Mtangazaji uliyeanza naye Las Vegas unamaliza naye sentensi katikati ya jangwa.

Kwetu dereva wa lori hasafiri peke yake. Anayekwenda Tunduma au Rusumo ana utingo: anashuka kuweka mawe kwenye matairi, analinda mzigo, na zaidi ya yote anapiga soga usiku ili dereva asisinzie. Hapa kiti cha pembeni ni kitupu. Redio ndiyo utingo wangu, na ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito ambao msomaji anayeendesha dakika ishirini kwenda kazini huenda akaushangaa.

Nilipojifunza jinsi inavyofanya kazi niliiheshimu zaidi. Mawimbi yake yako kwenye masafa ya 2.3 gigahezi, kipande ambacho Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikitenga mwaka 1992. Mwaka 1997 kilipigwa mnada, na kampuni mbili zikachukua leseni, kila moja kwa zaidi ya dola milioni 80. XM ilianza kutangaza Septemba 2001 kwa setilaiti mbili zilizoitwa Rock na Roll, zilizotulia juu ya ikweta. Sirius ilianza 2002 kwa njia tofauti kabisa: setilaiti tatu zikizunguka kwenye njia ndefu ya umbo la yai na kupokezana zamu, ili aliye kaskazini apate mawimbi yanayoshuka karibu na utosini badala ya kuja yamelala kutoka kusini, ambako mti mmoja au ghorofa moja linatosha kuyaziba.

Lakini ufundi unaonifurahisha kuliko wote ni wa sekunde nne. Matangazo yaleyale hurushwa mara mbili kwa njia mbili, moja ikichelewa kwa sekunde nne hivi nyuma ya nyingine. Kipokezi ndani ya gari hukusanya zote na kuziunganisha. Ukipita chini ya daraja na njia ya kwanza ikakatika, ya pili inajaza pengo, nawe hujui kama kuna kilichopotea. Mijini, kwenye maghorofa marefu, kuna minara ya chini inayorudia matangazo hayohayo. Waliobuni mfumo huu walikuwa wakimfikiria mtu aliye mwendoni. Redio za kawaida zilianzia majumbani, zikapandishwa garini baadaye. Hii ilizaliwa barabarani.

Historia ya biashara yake nitaipita haraka, maana imejaa madeni. Kampuni mbili zilishindana kwa fedha ambazo hazikuwa nazo. Mwaka 2004 Sirius ilimsajili mtangazaji Howard Stern kwa mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano. Mwaka 2008 kampuni hizo ziliungana, na mwanzoni mwa 2009 kampuni mpya ilikuwa kwenye ukingo wa kufilisika, ikaokolewa na mkopo wa dola milioni 530 kutoka kampuni ya Liberty Media. Leo ina wateja milioni 33 hivi, na mwaka 2024 mapato yake yalikuwa karibu dola bilioni 8.7. Hiyo si kampuni ya kuchimbiwa kaburi. Hata hivyo mwaka 2023, na tena 2024, ilipoteza laki kadhaa za wateja wanaolipa, na hao si rahisi kuwarudisha.

Kinachoeleza kuinuka kwake, na ndicho kinachoeleza hatari yake ya leo, ni watengenezaji wa magari. General Motors na Honda walitia fedha zao XM tangu mwanzo. Ford na Chrysler walikuwa upande wa Sirius. Gari jipya lilitoka dukani kipokezi kikiwa ndani, na mnunuzi akipewa miezi kadhaa ya kusikiliza bure. Asiyetaka aliacha, aliyezoea alilipa. Ni wachache sana waliokwenda dukani kwa nia ya kununua redio ya setilaiti. Wengi waliikuta kwenye gari. Basi nguvu yake yote ilitokana na kuwa na kitufe chake pale mbele, karibu na mkono wa dereva.

Kitufe hicho kimetoweka. Mahali pake pana skrini, na skrini hiyo inagombaniwa. Mifumo ya kuleta simu kwenye skrini ya gari iliingia, Apple CarPlay mwaka 2014 na Android Auto 2015, na toka hapo mtu akiingia garini simu yake ndiyo inayotawala. Tesla ilipotengeneza Model 3 haikuiwekea kabisa kipokezi cha setilaiti. SiriusXM ilirudi kwenye magari yake mwishoni mwa 2024 kama programu ya intaneti, yaani jina limerudi bila setilaiti. General Motors nayo ilitangaza 2023 kwamba magari yake mapya ya umeme hayatakuwa na CarPlay wala Android Auto, kwa sababu inataka skrini iwe yake yenyewe. Kwa hiyo redio ya setilaiti, iliyokuwa mwenyeji, sasa ni mpangaji kwenye nyumba ambayo wakubwa wawili, wenye simu na wenye magari, wanaivutia kila mmoja kwake.

SiriusXM yenyewe iliyumba. Desemba 2023 ilizindua programu mpya ya simu kwa shangwe, ikiwalenga vijana wasio na gari wala hamu ya kuwa nalo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, ikatangaza kwamba inarudi kwa wateja wake wa msingi, wale wa kwenye gari. Nilifurahi kusoma hivyo. Naamini ni uamuzi sahihi. Kumfuata kijana ambaye muziki wote wa dunia tayari uko mfukoni mwake ni kukimbia mbio ambazo wengine walizimaliza zamani.

Kijana wa namna hiyo ninaye kwenye ukoo. Mpwa wangu naye ameingia kwenye kazi hii ya malori, na siku moja tuliegesha pamoja kwenye kituo cha malori, akapanda kwangu kunisalimia.

"Shikamoo mjomba. Hee, bado unalipia redio?"

"Marahaba. Nalipia."

"Kila mwezi? Kama king'amuzi?"

"Kama king'amuzi."

Akanionyesha simu yake. Kabla ya kila safari anapakua muziki, mahubiri na mazungumzo ya saa nyingi. "Mtandao ukikata mimi wala sina habari, mjomba. Na humo kwako hawasemi Kiswahili."

Hapo alinipata, na haifai nimnyime haki yake. Kwenye mamia ya chaneli za setilaiti sijapata moja inayozungumza lugha yangu. Kiswahili hapa Marekani kinakuja kwa simu: stesheni za nyumbani kwa intaneti, vipindi vya BBC, na hapo awali Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilinyamaza Machi 2025 wafanyakazi wa shirika hilo walipopewa likizo ya lazima. Ninapokuwa ndani ya mtandao mzuri, kwa mfano I-35 kati ya Dallas na Austin, mara nyingi nasikiliza simu. Moyo unapotaka nyumbani, setilaiti haina cha kunipa.

Ila alichokipakua mpwa wangu ni cha jana. Hakiwezi kumwambia kwamba I-80 imefungwa Wyoming kwa theluji na upepo saa hii, wala hakimpi ile chaneli ya 146, Road Dog Trucking, ambako dereva aliye Ohio anapiga simu kulalamikia foleni ya kushusha mzigo na dereva aliye Oregon anamjibu, nasi maelfu tunasikia kwa pamoja. Sauti iliyo hai usiku wa manane ni tofauti na sauti iliyohifadhiwa. Dereva anayeendesha akiwa amechoka anaijua tofauti hiyo mwilini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niketi kuandika. Setilaiti ya redio inasema, haisikii. Mawimbi yanashuka kutoka angani kuja kwenye paa la gari, na kwa njia hiyo hakuna chochote kinachorudi juu. Chombo kile hakijui kama wanaosikiliza ni watu kumi au milioni kumi, hakijui nimehama chaneli gani dakika ipi, na kuongezeka kwangu hakumpunguzii mwingine. Ndivyo redio ilivyokuwa tangu asili: babu akiwasha redio yake ya mkulima ya betri kule kijijini, hakuna aliyemwandika. Leo kusikiliza kwa intaneti kunafanya kinyume. Kila msikilizaji anafunguliwa mfereji wake, anahesabiwa, anakumbukwa, na kesho anapangiwa asikie nini.

SiriusXM inajua thamani ya hesabu hiyo. Magari mapya mengi sasa yana mfumo wao uitwao 360L, unaochanganya setilaiti na intaneti: chaneli zinashuka kutoka juu, lakini mtandao wa gari unabeba chaneli za ziada na mapendekezo, na kupitia mtandao huo kampuni inaweza kujua unasikiliza nini. Nakubali kwamba mfumo huo ni mzuri kutumia, na pengine ndio utakaoiweka hai. Lakini nauona kama daraja, na daraja huvukwa kuelekea upande mmoja. Siku intaneti ya gari itakapokuwa ya uhakika, mhasibu atauliza kwa nini tunarusha vyombo vya mamilioni ya dola ili kubeba kile ambacho tayari kinapita kwa njia nyingine.

Na siku hiyo inatayarishwa na haohao wanaobeba setilaiti za redio. SXM-9 na SXM-10 zilipandishwa na SpaceX, kampuni inayomiliki Starlink. Julai 2025 kampuni ya simu ya T-Mobile ilifungua rasmi huduma ya kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti za Starlink mahali pasipo na minara. Mwanzo ni ujumbe mfupi na data kidogo, lakini Septemba mwaka huohuo SpaceX ilikubali kununua masafa ya kampuni ya EchoStar kwa takriban dola bilioni 17, na hakuna anayetoa fedha za namna hiyo ili kutuma ujumbe mfupi. Ikiwa simu itashika data katikati ya Nevada, ile hoja yangu ya US-95 itakuwa imekwisha nguvu. Hili nalikiri bila kinyongo. Mtu aliyepata ajali karibu na Goldfield anahitaji simu inayoshika kuliko mimi ninavyohitaji mtangazaji.

Waafrika tuna kumbukumbu yetu katika habari hii, na inashangaza jinsi ilivyosahaulika. Kabla ya XM na Sirius kuanza kutangaza, setilaiti ya redio ilikuwa tayari juu ya vichwa vyetu. Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, alianzisha WorldSpace mwaka 1990. Alieleza kuwa alisukumwa na kuenea kwa UKIMWI Afrika na jinsi watu walivyokosa taarifa za kujiokoa. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, ikatulia kwenye nyuzi 21 Mashariki ikilifunika bara zima. WorldSpace hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa wamiliki wa mwanzo wa XM. Yaani redio iliyo kwenye magari ya Marekani ina mzizi katika ndoto iliyootwa kwa ajili ya vijiji vya Afrika.

Ndoto ile ilikwama, na ilipokwama pananifundisha kuliko ushindi wowote. Setilaiti ilifanya kazi vizuri. Vipokezi vyake, vilivyotengenezwa na kampuni za Japani kama Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, viliuzwa kwa zaidi ya dola 100, katika nchi ambazo redio ya mkulima ilipatikana kwa bei ya kuku wawili. Antena yake ndogo ilitakiwa ielekezwe angani na itulie. Kwa gari linalotembea haikufaa, maana hapakuwa na minara ya kusaidia. Na wakati uleule FM za watu binafsi zilikuwa zimeshafunguliwa: Radio One ya Dar es Salaam tangu 1994, Capital FM ya Nairobi tangu 1996. Msikilizaji akapata bure, kwa lugha yake, kile alichokuwa akiuziwa. WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Oktoba 2008, na matangazo yake kwa wateja yakaisha mwishoni mwa 2009. Japani nayo ilikuwa na huduma ya setilaiti kwa vyombo vya mkononi na magari, MobaHO!, ikafungwa 2009. Korea Kusini ilifuata 2012. Katika zote, chombo cha juu kilibaki kizima huku chini watu wakiwa wameshageuka.

Kwa hiyo Amerika Kaskazini ndiyo ngome ya mwisho. Ukienda kwenye yadi za Sharjah ambako magari ya Kimarekani yanauzwa kwa wanunuzi wa Afrika na Ghuba, utaona mengi yana ile antena ya umbo la pezi la papa juu ya paa. Ukiwasha, kitufe cha setilaiti kipo na hakileti kitu, kwa sababu matangazo hayo hayavuki kuja upande huo.

Sasa, je, tuiache ijifie? Septemba 2024 kimbunga Helene kilipoipiga North Carolina ya magharibi, mto Pigeon ulikula sehemu ya barabara ya I-40, umeme ukakatika, na simu zikawa kimya kwa siku nyingi kwenye kata nzima za milimani. Watu walikaa ndani ya magari yao, kwa sababu gari lilikuwa na betri na redio, wakisikiliza stesheni za kawaida zikisoma wapi kuna maji na barabara gani inapitika. Redio za ardhini zilizobaki hewani zilifanya kazi ya kishujaa. Setilaiti, kwa upande wake, haina mnara wa kuangushwa na upepo. Milima na miti huisumbua, hilo ni kweli, lakini uwanjani penye anga wazi inafika hata kama wilaya nzima haina umeme. Nchi yenye vimbunga, moto wa nyika na theluji kila mwaka inahitaji njia zote mbili ziwe ndani ya gari.

Bunge la Marekani limeanza kuliona hili, angalau kwa nusu. Mwaka 2023 Ford ilitaka kuondoa redio ya AM kwenye magari mapya, ikabadili msimamo mwezi Mei baada ya kelele za umma. Maseneta Ed Markey na Ted Cruz, ambao ni nadra kukubaliana, walileta muswada wa kulazimisha kila gari liwe na AM, hoja yao kubwa ikiwa ni taarifa za dharura. Nauunga mkono. Ila AM inafika inakofika. Kwenye US-95 mchana haifiki.

Magari yaliyo barabarani Marekani yalikuwa na wastani wa umri wa miaka 12.8 mwaka 2025, kwa hesabu ya S&P Global Mobility. Gari linalotoka kiwandani leo litakuwa bado linatembea 2038, likiwa na mmiliki wa tatu, pengine mhamiaji aliyelinunua kwa fedha taslimu kama tulivyonunua wengi wetu tulipofika. SXM-10, ikijaliwa, itakuwa bado inatangaza. Mtu huyo hatalipia usajili. Hata hivyo akilala kwenye gari hilo na watoto wake wakati kimbunga kimezima kila mnara, mawimbi yatakuwa yanafika kwenye paa lake kama yanavyofika kwa anayelipa, na kumfikia hakutaiongezea kampuni gharama ya kurusha hata senti.

Ombi langu kwa watengenezaji wa magari ni kwamba kipokezi kibaki, hata kama kitufe kimekwenda. Kwa SiriusXM naomba kidogo zaidi: muziki, soka na Howard Stern waendelee kuviuza, lakini chaneli za hali ya hewa, barabara na dharura ziachwe wazi kwa kila kipokezi kilichowahi kufungwa kwenye gari, kiwe kimelipiwa au hakijalipiwa.